Mjane wa Bibo

Bango lilitundikwa siku ya Ijumaa, na katika Tingi nzima mtu wa mwisho kujua lina picha ya nani alikuwa Zuhura. Asingeweza kwenda kuliona. Alikuwa eda, siku ya thelathini na nane tangu mumewe Rehani azikwe, na mwanamke wa eda hatoki kwenda kusoma mabango barabarani. Habari zote zilimfikia kupitia kwa wifi yake Salima, dada mkubwa wa marehemu, aliyehamia pale nyumbani ili kumwangalia mpaka miezi minne na siku kumi zitimie. Na Salima alikuwa na tabia ya kutoa habari kama anavyotoa maandazi kwenye mafuta, moja moja, tena kwa kuchagua lililoiva.

"Ni kubwa?" Zuhura aliuliza.

"Kubwa. Limefungwa kutoka mti hadi mti, pale wanapokaa bodaboda."

"Limeandikwa nini?"

"'Buriani Bibo wetu.' Na chini yake, mechi ya kumbukumbu, Jumapili saa kumi."

"Na picha?"

Salima aligeuza andazi ambalo halikuwa na haja ya kugeuzwa. "Picha ipo."

"Ya Rehani?"

"Ya Rehani na Lusia."

Zuhura alivuta kanga yake nyeupe mpaka kwenye nyusi, akaangalia moshi wa jiko. Wivu ulimkaba palepale, mchana kweupe, na hakujaribu kujidanganya kwamba ni huzuni. Huzuni alikuwa ameshaizoea, ilikuwa inakuja na kuondoka. Huu ulikuwa haujaondoka tangu siku ya kwanza.

Rehani hakuwa mchezaji. Hakuwahi kupiga mpira ukaenda alikotaka uende. Alikuwa mkulima wa ufuta na korosho kama wenzake, na kwa miaka saba alikuwa mshabiki nambari moja wa Mikoroshoni Stars, timu ya kijiji inayocheza ligi ya wilaya na kushuka daraja kila ipatapo nafasi ya kushuka. Siku ya mechi alivaa bibo. Bibo zima, jekundu, la kitambaa kilichojazwa sufi, kutoka mabegani hadi magotini, mikono na miguu ikichomoza. Na kichwani kofia ya kijivu iliyopinda, hiyo ndiyo korosho yenyewe. Watoto walimzomea kwamba kakosea, maana korosho huning'inia chini ya bibo, haikai juu. Yeye akawajibu, "Mimi bibo lililoanguka. Nendeni mkaangalie chini ya mti." Alicheza dakika tisini bila kupumzika, timu ikishinda au ikifungwa, na ikifungwa ndiyo alizidisha. Alifika nalo Likawage juu ya magunia, alifika nalo Somanga, na huko Kiswere ndiko alikoanguka, kipindi cha pili, akiwa ndani ya bibo lake. Alipokata roho, kichwa chake kilikuwa mapajani mwa Lusia, mshonaji wa pale barabarani na mwenyekiti wa tawi la mashabiki.

Habari ya mapaja Zuhura aliletewa na watu wawili tofauti siku ileile ya msiba, na mmoja wao alidhani anamfariji. Wiki ya pili akasikia kwamba watu wanakwenda dukani kwa Lusia kumpa pole.

"Pole ya nini?" aliuliza siku ile. "Kafiwa na nani?"

"Kafiwa na mshabiki mwenzake," Salima alisema.

"Basi na mimi nikienda sokoni akafa muuza samaki, mje mnipe pole."

Salima alicheka, halafu akaona haya kucheka nyumba ya msiba. Alikuwa anampenda wifi yake, ila alikuwa anampenda zaidi ndugu yake, na ndugu yake alikuwa amekuwa mtu mashuhuri. Hilo nalo lilikuwa tamu. Wageni walikuwa wanatoka hadi Nangurukuru kuuliza nyumba ya Bibo.

*

Jumamosi asubuhi timu ilikuja. Walikuwa wanaume watatu na Lusia, wakiongozwa na Edwin, katibu, kijana mwenye maneno mengi na viatu vilivyong'arishwa. Wanaume hawakuingia. Waliketi barazani, Lusia pamoja nao, pazia likateremshwa mlangoni, na Zuhura akawasikiliza akiwa upande wa ndani, amekaa mkekani.

"Shikamoo bi Salima."

"Marahaba, baba."

"Shemeji Zuhura, kwanza pole tena."

"Nimeshapoa," Zuhura alisema nyuma ya pazia.

Edwin alikohoa. Akatoa bahasha ya rambirambi, akaipitisha kwa Salima kwa mikono miwili, kisha akaeleza kwa kirefu jinsi tawi lilivyochangishana. Baada ya bahasha akapitisha fulana. Ilikuwa nyeupe, mpya, bado inanuka rangi. Kamati ilikuwa imeamua kila mwanakamati apate yake, na familia ipate moja.

Zuhura aliikunjua. Kifuani palikuwa na picha ileile ya bangoni: Rehani ndani ya bibo, mdomo wazi, mkono mmoja juu, na mkono wa pili umeshika bega la Lusia. Ilikuwa saizi ya kati. Zuhura hakuwa mtu wa saizi ya kati tangu mwaka alioolewa.

"Tumetenga na kiti cha familia," Edwin aliendelea. "Mstari wa mbele, karibu na mgeni rasmi."

"Mimi niko eda, Edwin."

"Tunalijua hilo, shemeji. Kitakaa kitupu, kwa heshima."

"Ahsanteni kwa kiti kitupu."

Kuku alipita barazani, mtu akamfukuza kwa mguu. Edwin akaona bora amalize lililomleta.

"Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Bibo kaondoka, lakini Stars ipo na Jumapili tunacheza na wale wale wa Kiswere. Tunaomba lile vazi. Liingie uwanjani mara ya mwisho, watu walione, halafu tutalihifadhi ofisini."

"Ofisi mnayo?"

"Ikipatikana."

"Na litavaliwa na nani?"

Ni Lusia mwenyewe aliyejibu, kwa sauti ya chini. "Nitalivaa mimi, dada. Watu ndio wameniomba. Wanasema mimi ndiye ninayeijua mikogo yake."

Zuhura alihesabu pumzi zake mpaka alipoona sauti haitamtoka ikiwa imepasuka. "Lusia aingie ndani," alisema. "Ninyi wengine bakini hukohuko."

Lusia aliinua pazia, akavua ndala, akaketi ukingoni mwa mkeka. Alikuwa mwanamke wa makamo, Mmakonde aliyekuja kutoka upande wa Lindi na cherehani yake miaka kumi na mitano nyuma, mfupi, mwenye mikono mikubwa na msalaba mdogo shingoni. Hakuwa mzuri. Zuhura hakuwahi kukaa naye karibu namna hiyo, na jambo hilo la kutokuwa mzuri lilimuudhi kuliko yote. Angekuwa mzuri, mtu angesema ni macho ya wanaume, hayana akili. Huyu alikuwa wa kawaida kama yeye, kwa hiyo kilichomvuta Rehani kilikuwa kitu kingine, na hicho kitu Zuhura hakukijua jina.

"Alisema nini?" Zuhura aliuliza.

"Lini, dada?"

"Unajua lini. Kichwa kilikuwa kwako. Alisema nini?"

Lusia alitazama vidole vyake. "Alimtaja Mungu."

"Alhamdulillahi," alisema Salima aliyekuwa amesimama mlangoni, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Kwa maneno gani?" Zuhura hakumwangalia wifi yake.

"Mimi Mkristo, dada Zuhura. Maneno yenu siyajui sawasawa."

"Miaka kumi na mitano uko Tingi. Adhana unaisikia mara tano kwa siku. Kwa maneno gani?"

"Alimtaja Mungu," Lusia alirudia. "Hilo si linatosha?"

Halikutosha. Mtu anayesema kweli hasemi linatosha, Zuhura alijiambia, husema yote. Akajua, kama mwanamke anavyojua mambo ambayo hakuna aliyemwambia, kwamba kulikuwa na neno. Mumewe alikuwa ametamka neno la mwisho duniani, na neno hilo lilikuwa limekaa ndani ya mwanamke huyu kama akiba, naye mjane halali wa ndoa ya miaka kumi na minne hakuwa na ruhusa hata ya kulionja.

"Njooni jioni," alisema. "Nitakuwa nimeshaamua."

*

Walipoondoka alilivuta vazi kutoka mvunguni. Salima alikuwa amelifunga kwenye shuka tangu siku ya mazishi na hakuna aliyelifua. Lilikuwa bado linamnukia Rehani, jasho na tumbaku kidogo, na Zuhura akaweka uso wake humo kwa muda kabla hajaanza kazi aliyokusudia, ambayo ilikuwa kukagua mishono.

Bibo la kwanza alilishona yeye. Hilo mashabiki hawakulijua, na bangoni halikuandikwa. Lilitokana na pazia lake jekundu la chumbani, akalishona kwa mkono jioni tatu mfululizo, akilalamika na kucheka, kwa sababu siku hizo alidhani ni mchezo wa mwezi mmoja. Mungu hakuwajalia mtoto, na mtu mzima akitaka kucheza mwache acheze. Lakini mchezo haukuisha. Pazia lilipochanika Rehani alilipeleka barabarani likashonwe kwa cherehani. Mwaka uliofuata likapanuliwa, likawekwa zipu mgongoni, likatiwa bitana. Sasa Zuhura aligeuza kila upande, kwapa, kola, pindo, akitafuta mshono wake. Alipata kipande kimoja cha pazia, kidogo kama kiganja, karibu na goti la kushoto. Vingine vyote vilikuwa mishono ya Lusia, midogo, iliyonyooka, isiyo na kosa hata moja.

Ili kupanua nguo kiunoni lazima umpime mtu kiuno. Na kumpima mtu kiuno si jambo la kufanya ukiwa umesimama mbali. Zuhura aliiona ile futi ikizunguka tumbo la mumewe, mara moja, mara mbili, mwaka hadi mwaka. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na yeye alikuwa ameishika nguo yenyewe mikononi.

"Wifi!" aliita. "Nitafutie Mzee Kondo."

Salima alikuja mbio, mikono imejaa unga. "Kondo mwosha? Kuna nini?"

"Kuna haki yake hapa. Nguo aliyofia mtu ni ya nani?"

"Ya mwosha. Lakini..."

"Rehani alifia nguo gani?"

Salima alilitazama bibo lililokuwa limejaa mkeka mzima. "Wifi, hii si nguo. Hii ni... Nguo za marehemu tutazigawa kesho baada ya khitma, shati zake, kanzu yake. Hili watu wanalisubiri uwanjani!"

"Ilikuwa mwilini mwake au haikuwa mwilini mwake? Ninyi ndio mlionifundisha mila hii nilipokuja kwenu kutoka Likawage. Mkasema kuizuia nguo ya mwosha ni kumzuia marehemu njiani. Sasa unataka nimzuie ndugu yako?"

Salima akaenda.

Mzee Kondo alikuwa mtu mpole, mrefu, aliyezoea kusimama nje ya milango. Alikuwa ameosha nusu ya wafu wa Tingi, na walio hai walimlipa heshima kubwa kwa umbali mkubwa. Harusini alipewa sahani yake peke yake. Watoto walisema mikono yake ina baridi. Siku ya mazishi alipewa shati na bukta alizokuwa amevaa Rehani chini ya bibo, akashukuru, hakudai zaidi.

"Nililiona siku ile," alisema upande wa pili wa pazia. "Niliona haya kulitaja."

"Ni haki yako, mzee wangu. Lichukue."

"Sasa mama, mimi nitalifanyia nini?"

"Lifumue. Sufi hiyo nyingi, utajaza godoro."

"Ni kweli nalalia jamvi," alisema Mzee Kondo taratibu. "Basi Mwenyezi Mungu amrehemu."

Alilipokea kwa Salima, akalipakata, akaondoka nalo barabarani huku watu wakimpisha njia. Zuhura alimsikiliza mpaka hatua zikaisha. Hesabu yake ilikuwa nzuri. Kitu kilichopita mikononi mwa mwosha kikawa chake, nani Tingi atakiazima akakivae? Lusia hatakivaa. Hakuna atakayekivaa. Jioni Edwin alipokuja na kuambiwa, alishika kichwa akasema, "Shemeji, umetuua," na usiku ule, kwa mara ya kwanza baada ya siku thelathini na tisa, Zuhura alimaliza sahani yake ya ugali.

*

Khitma ilisomwa Jumapili asubuhi, watu wakala pilau, nguo zikagawiwa. Ilipokaribia saa kumi nyumba ikabaki tupu. Salima naye alikuwa amejaza beseni la maandazi.

"Naenda kuuza tu," alisema. "Kwenye watu ndiko kwenye biashara."

"Nenda, wifi. Mimi sijakuuliza."

Uwanja ulikuwa nyuma ya shule, si mbali. Hatua mia tatu, labda. Zuhura aliketi uani, ndani ya uzio wa makuti, na mbele yake ungo wa mchele ambao haukuwa na mawe. Alisikia kipaza sauti kikikoroma. Alisikia jina la mgeni rasmi, makofi machache. Halafu pakawa kimya kirefu, akajua ni ile dakika ya kumkumbuka marehemu. Akatulia na yeye. Alikuwa anawaonea huruma kidogo, wamesimama pale na picha tu.

Kisha ngoma ikapigwa na sauti ikapanda kutoka watu mia tano kwa pamoja. "Bibo! Bibo! Bibo!"

Mchele ulimwagika. Zuhura alikuwa amesimama bila kujua amesimama vipi. Alizijua zile kelele. Aliwahi kuzisikia kutoka uani hapohapo miaka saba, na hazikuwa za kumwita mtu aliyekufa. Zilikuwa za kumpokea mtu aliyeingia. Kuna mtu alikuwa ndani ya lile vazi. Kuna mtu alikuwa anacheza, na ngoma ilikuwa inamfuata, na watu walikuwa wanacheka palepale walipokuwa wakicheka enzi za Rehani.

Lusia, aliwaza. Kaenda kwa mzee wa watu kalipata. Akamwona na mikono yake mikubwa, akizungusha kiuno cha bibo mbele ya watu, akipokea vigelegele vya mume wa mwenzake. Alifika kwenye uzio, akashika mti wa mlango. Miguu ilitaka kwenda. Eda ikamshika kanga. Angetoka, kesho yake Tingi nzima ingesema mjane wa Bibo kavunja eda kwa ajili ya wivu, na ingekuwa kweli. Alibaki pale, paji la uso kwenye makuti, akisikia bao likiingia, na kelele za bao zikazimeza zile nyingine zote.

*

"Kondo," Salima alisema alipoingia, kabla hajatua beseni. Lilikuwa tupu. "Mzee Kondo mwenyewe!"

"Mwenyewe vipi?"

"Edwin alimfuata leo asubuhi kumwomba. Mzee kasema nguo ya mwosha haiazimwi, ina dua zake. Kama wanataka liingie uwanjani, ataingia nalo yeye aliyepewa. Wakadhani anatania. Wifi, kaingia! Kalivaa, fupi, magoti yote nje, korosho imelala sikioni."

"Akacheza?"

"Vibaya. Kama anakanyaga siafu. Lakini watu walivyomshangilia! Mwishoni wakambeba. Kondo, wifi, mtu ambaye hata mkono hawampi. Alikuwa analia mule ndani, na yeye."

"Na watu? Walilia?"

Salima alifikiri, kwa sababu alitaka kusema kweli. "Mwanzo. Mpaka Stars walipopata bao."

Zuhura alirudi kuokota mchele, punje moja moja. Alikuwa amejitahidi kumfungia mumewe ndani asigawanywe, kumbe huko nje walikuwa hawamhitaji. Siku arobaini, na tayari walikuwa na Bibo mwingine. Hata hasira hakuweza kuipata vizuri.

Ndipo Lusia alipopiga hodi. Macho yake yalikuwa mekundu na ile fulana ilikuwa imemkaa sawasawa. Salima aliangalia mmoja, akaangalia mwingine, akasema anakwenda kurudisha beseni la watu.

"Umeridhika?" Lusia aliuliza alipoketi.

"Niridhike na nini?"

"Nimelishona lile vazi mara nne. Leo nilisimama pembeni ya uwanja, hakuna aliyeniuliza hata naendeleaje. Nimeondoka kabla ya mapumziko. Nilikuwa kama mgeni."

"Ndivyo nilivyosimama mimi," Zuhura alisema, "miaka saba."

Uwanjani ngoma ilikuwa bado inaendelea, maana Stars walikuwa wameshinda, jambo ambalo halikuwa la kila siku.

"Mlikuwa na nini na mume wangu?"

"Hatukuwa na kitu." Lusia alivuta pumzi. "Usinifanye niseme mara mbili. Mimi nilitaka. Nilikuwa naiharibu zipu makusudi ili alirudishe vazi. Yeye akija ananieleza winga wa kushoto, mguu wake umepona au haujapona, na anaondoka. Alikuwa hanioni, dada Zuhura. Ningekuwa mti wa goli angeniona zaidi."

Zuhura alimwamini. Alikuwa ameshinda basi. Mwanamke mwenyewe amekiri kashindwa. Lakini kulikuwa na lile neno.

"Sasa niambie alichosema."

"Nilikwambia."

"Ulimwambia wifi yangu. Mimi bado hujaniambia. Kama alitaja jina lako, litaje. Leo sina nguvu ya kugombana."

Lusia aliushika msalaba wake, akauachia. "Hakutaja jina la mtu. Alifungua macho, akaniangalia kama ananitafuta, halafu akauliza, 'Ngapi ngapi?'"

"Halafu?"

"Basi. Aliuliza tena, 'Ngapi ngapi?' Nikamwambia, 'Mbili moja, tunaongoza.'"

"Mlikuwa mnaongoza?"

"Tulikuwa tumeshafungwa matatu."

"Akasema nini?"

"Akashusha pumzi, kama mtu aliyevua viatu vilivyombana. Hakuvuta nyingine."

Zuhura alikuwa amejiandaa kwa jina lake, na alikuwa amejiandaa zaidi kwa jina la Lusia. Siku zote arobaini alikuwa ameyapanga majibu ya yote mawili. Hili hakuwa amelipanga. Miaka saba Rehani alikuwa akirudi na vumbi hadi kwenye kope, sauti imekauka, anakaa kwenye kigoda pale mlangoni na kusubiri, na yeye alikuwa anamwuliza kama amepita shambani, kama amenunua chumvi. Kumbe alikuwa anasubiri swali jingine. Wivu ukarudi, si ule wa kiuno na futi. Huu ulikuwa mpya, na safari hii ulikuwa na haki yote ya kuwapo. Mwanamke huyu mwenye mikono mikubwa alikuwa na kitu cha kumpa, na alikuwa nacho kwa wakati.

"Wifi asijue," alisema hatimaye. "Mwache na Mungu aliyetajwa."

"Sitamwambia."

"Yangekuwa mapaja yangu," Zuhura alisema, "angeniuliza vilevile, na mimi ningemjibu sijui."